Mkono wa Birika

Bomba la maabara limekohoa mara tatu
kabla ya kutema maji, kwanza ya kahawia.
Miaka kumi na saba hapa Mwariki
na bado nalisubiri kama mgonjwa.

Mezani vyombo viwili:
kimoja hidrokloriki,
kingine siki ya dukani kwa Wamuhu,
niliyoizimua hadi asidi hizi zikalingana
chembe kwa chembe, lita kwa lita.
Karatasi ya rangi haikuuona usawa huo.
Huku imekuwa nyekundu, pilipili iliyoiva;
kule, rangi ya papai.

Barmasai akanyosha mkono:
"Siki ni dhaifu kwa kuwa umeitia maji, mwalimu."

Mimi si mwalimu, ni mhudumu wa maabara,
lakini mwalimu yuko mkutanoni, basi nikajibu:
Maji yamo kotekote, Barmasai.
Kukolea ni kuhesabu waliomo chumbani.
Ukali ni kuuliza: kati yao,
nani amekiachilia alichokishika?

Hidrokloriki huingia majini
na kumwaga hidrojeni yake yote, papo hapo,
pasipo kugeuka nyuma.
Siki, katika kila mia moja,
mmoja hivi ndiye anayekunjua kiganja,
na hata huyo hukikunja tena
mwingine akikunjua chake.
Ukiitazama glasi utasema imelala.
Nenda Soko la Wakulima saa nne asubuhi,
simama langoni, hesabu:
wanaoingia ni sawa na wanaotoka,
soko halijai, halipungui,
na hakuna hata mmoja aliyesimama
ila wewe unayehesabu.

Hapo nilinyamaza. Nilikuwa nimemkumbuka baba.

Baba, wa kiwanda cha pareto, siku ya mshahara
hakufika nyumbani na bahasha.
Jirani wa kwanza, wa pili, mchango wa kanisa,
na mfuko ukageuzwa nje kama ulimi.
Mtaa mzima uliuona ukarimu wake,
nao ulikuwa ukarimu, siukani.

Shangazi Kwamboka tulimwita mkono wa birika.
Fundo la leso yake lilifunguka
kwa upana wa sarafu moja.
Lakini sarafu ile ikishachukuliwa,
ikienda kwa daftari, kwa mafuta ya taa,
fundo lilijilegeza tena,
sarafu nyingine,
bila kelele,
mpaka nikamaliza kidato cha nne
nisijue nani alinilipia.

"Tone," nikamwambia Barmasai. "Tone, si mfereji."
Bureti ikadondosha besi ndani ya hidrokloriki,
akatikisa, akatikisa,
rangi ya waridi ikaja, ikabaki.
Ishirini na nne nukta sita.
Kisha siki. Kila besi iliponyakua hidrojeni moja
siki ilitoa nyingine kutoka akibani,
na waridi likachelewa, likachelewa,
mpaka ishirini na nne nukta sita.

Alitaka kufuta. Alidhani amekosea.
Usifute, nikasema. Andika ulichokiona.

Dirishani ziwa limepanda hadi kwenye uzio,
limemeza migunga na choo cha wavulana;
magadi yake yamezimuliwa na mvua za miaka,
na heroe, ambao waridi lao lilikuwa letu,
wengi wamehamia Bogoria.
Sijui ziwa limebakiza akiba kiasi gani.

Shangazi aliacha daftari lenye jalada la buluu,
kila shilingi na tarehe yake.
Baba hakuandika kitu.
Sijawahi kujumlisha.

Nimeosha bureti mara mbili kwa maji ya bomba,
mara ya tatu kwa maji safi ya chupani,
nikaitundika kichwa chini ikauke.